Austria: korona iliisha, hasira yake ikaenda kupiga kura

Mnyamwezi Ughaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila tukizungumzia siasa za Ulaya humu ndani, jibu ni moja: Wazungu wamechoka na wahamiaji, basi. Sikatai kwamba hilo lipo. Mimi naishi Vienna, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na sisi wahamiaji ndio tunaotajwa wa kwanza kila mwanasiasa anapotafuta kura. Lakini kwa niliyoyashuhudia kuanzia 2020, kuna jambo jingine ambalo watu wamelisahau mapema mno. Chama cha FPÖ, cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kilichoongoza uchaguzi mkuu wa Austria Septemba 2024 kwa karibu asilimia 29, kilifufuka wakati wa korona. Na waliokifufua ni serikali iliyokuwa madarakani.

Kumbukeni kilikuwa wapi. Mwaka 2019 ilivuja video iliyorekodiwa Ibiza, kisiwa cha Hispania, kiongozi wake wa wakati huo akionekana kuahidi zabuni za serikali kwa mwanamke aliyemdhania kuwa mpwa wa tajiri wa Kirusi. Serikali ikavunjika, na uchaguzi wa mwaka huo FPÖ wakaambulia asilimia 16. Uchaguzi wa jiji la Vienna wa 2020 ndio ulikuwa msiba kabisa: kutoka asilimia 30 za 2015 hadi 7.

Sasa ikaja korona. Machi 2020, Herbert Kickl, aliyekuwa akiongoza wabunge wa FPÖ, ndiye aliyesimama mbele ya waandishi wa habari akidai nchi ifungwe. Sheria ya kwanza ya dharura ilipita bungeni bila kura hata moja ya kupinga, FPÖ wakiwemo. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2021, Kickl huyohuyo alikuwa jukwaani kwenye viwanja vya Prater hapa Vienna akiwahutubia wanaopinga masharti hayohayo. Juni akauchukua uenyekiti wa chama kutoka kwa Norbert Hofer, ambaye walishavutana naye hadi kwenye suala la kuvaa barakoa bungeni.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba chama hiki kilikuwa na msimamo wa tangu awali kuhusu ugonjwa. Kilisoma upepo. Swali langu ni upepo wenyewe ulitoka wapi, kwa sababu Machi 2020 haukuwepo. Watu walikaa ndani. Saa kumi na mbili jioni walifungua madirisha wakatupigia makofi sisi wahudumu. Majirani ambao miaka yote tulipishana ngazini bila salamu waligonga mlango kuuliza kama nahitaji kitu dukani.

Naona mambo matatu, na la tatu ndilo kubwa.

La kwanza, sheria zenyewe zilikuwa na matobo. Julai 2020 Mahakama ya Katiba ilisema sehemu ya zile amri za kukaa ndani za majira ya kuchipua hazikuwa halali. Watu walikuwa wameshapigwa faini kwa kukaa kwenye benchi la bustani.

La pili, viongozi hawakudumu. Waziri wa Afya Rudolf Anschober alijiuzulu Aprili 2021 akisema wazi kwamba mwili umechoka, na kwa kweli nilimhurumia. Aliyemfuata, Wolfgang Mückstein, ambaye ni daktari, naye akaondoka Machi 2022. Oktoba 2021 waendesha mashtaka walipekua ofisi za Kansela, yaani mkuu wa serikali, Sebastian Kurz kwa tuhuma kwamba fedha za umma zililipia kura za maoni zenye kumpendelea, tuhuma ambazo amezikana. Akajiuzulu, akaja Schallenberg, na Desemba akaja Nehammer. Makansela watatu ndani ya miezi mitatu, katikati ya wimbi baya kuliko yote.

La tatu ni ahadi. Tangu 2020 serikali ilikuwa ikirudia kwamba chanjo haitakuwa lazima. Kiangazi cha 2021 chama cha Kurz, ÖVP, kilijitangaza kwamba kimeimudu korona. Novemba 15 watu wasiochanjwa wakafungiwa ndani peke yao, karibu milioni mbili katika nchi ya watu milioni tisa. Siku nne baadaye ikatangazwa kwamba nchi nzima inafungwa na kwamba chanjo itakuwa lazima kwa kila mtu mzima. Hakuna nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya iliyokuwa imefika huko. Kesho yake, Novemba 20, watu wapatao 40,000 waliandamana katikati ya Vienna.

Sheria ikapita, ikaanza kazi Februari 2022, faini hadi euro 3,600. Machi, kabla ya mtu yeyote kutozwa, ikasimamishwa. Kiangazi ikafutwa. Yaani serikali ilivunja neno lake, ikagombanisha ndugu mezani, kisha ikaacha jambo lenyewe njiani. Aliyekataa chanjo akaona alikuwa sahihi kukataa. Aliyechanja kwa kuogopa faini akaona amechezewa. Ni nani alibaki na sababu ya kuiamini serikali hiyo?

Naleta hoja, karibuni tuijadili.

Nyuki Mkali

Mkuu, uzi mzuri, lakini unarahisisha. 2022 ilileta vita vya Ukraine, bei ya gesi ikapaa, mfumuko wa bei Austria ukapita asilimia 8 kwa mwaka. Waomba hifadhi nao mwaka huohuo walizidi 100,000. Mtu akilipa bili ya umeme mara mbili ya jana anaadhibu serikali hata kama korona haikuwepo. Halafu tazama Ujerumani jirani yao, lugha moja, ugonjwa mmoja. AfD, chama cha huko cha mrengo mkali wa kulia, walikuwa upande uleule wa kupinga masharti, na uchaguzi wa Septemba 2021 wakashuka kutoka asilimia 12.6 hadi 10.3. Kama korona ndiyo mbolea, mbona huko haikuotesha?

Mnyamwezi Ughaibuni

Nyuki, nashukuru umeileta Ujerumani kwa sababu inanisaidia. Ujerumani walijadili chanjo ya lazima kwa watu wazima wote, wakaipunguza iwe ya wenye miaka 60 na zaidi, na Aprili 2022 bunge likaikataa hata hiyo. Haikufika kuwa sheria. Huku tuliifikisha kuwa sheria kisha tukaitupa. Kuhusu bei na waomba hifadhi uko sahihi, na mwishoni mwa 2022 ndipo FPÖ walipoanza kuongoza kura za maoni. Ninachosema ni kwamba kufikia hapo lango lilikuwa limeshafunguliwa. Mtu wa kawaida aliyempigia kura Kurz 2019 akitaka utulivu alihitaji kwanza kuona si aibu kumsikiliza Kickl. Ile Novemba ya 2021 ndiyo iliyomwondolea aibu.

Kijana wa Pugu

Naomba kueleweshwa. Nilisoma mahali kwamba kulikuwa na chama kingine kipya kabisa cha wapinga chanjo, siyo FPÖ. Kiliishia wapi?

Mnyamwezi Ughaibuni

Kijana wa Pugu, hapo umegusa sehemu ambayo naipenda kuliko zote, ngoja niieleze kwa kituo.

Kinaitwa MFG, kirefu chake ni watu, uhuru na haki za msingi. Kilianzishwa mapema 2021, mwenyekiti wake mwanasheria, Michael Brunner. Hakikuwa na historia, hakikuwa na wazee wa chama, hakikuwa na ruzuku. Septemba 26 mwaka huohuo kikagombea jimbo la Oberösterreich na kupata asilimia 6, viti vitatu kati ya 56. Chama chenye umri wa miezi!

Kwa nini jimbo hilo? Oberösterreich ndiyo ilikuwa nyuma ya majimbo yote kwa kuchanja. Wilaya zinazopakana na Bavaria ya Ujerumani, kama Braunau, ziliburuta mkia, na hukohuko ndiko MFG ilikofanya vizuri. Lakini kuna sababu nyingine inayohitaji uijue siasa ya pale. Kiongozi wa FPÖ wa jimbo, Manfred Haimbuchner, alikuwa makamu wa gavana, yaani yumo serikalini, na Machi 2021 aliugua korona hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mtu aliyerudi kutoka huko hawezi kuhubiri kwa sauti ileile ya Kickl. FPÖ ya pale ikawa ya upole, na MFG ikaingia kwenye pengo lililobaki wazi. FPÖ jimboni wakashuka kutoka asilimia 30 hadi karibu 20.

Sasa angalia mwisho wake. Januari 2023, uchaguzi wa jimbo la Niederösterreich: MFG haikufika hata asilimia moja, FPÖ wakaruka kutoka 14.8 hadi 24.2. Uchaguzi mkuu wa 2024 MFG walipata kama asilimia 0.4. Wale wapiga kura hawakurudi kwenye vyama vya zamani. FPÖ walikuwa na matawi kila wilaya, fedha, chaneli zao za video na wasemaji wenye uzoefu wa miaka, wakawapokea mmoja mmoja. Uholanzi ilikuwa hivyohivyo: chama cha mwanasiasa wa mrengo wa kulia Thierry Baudet kilizunguka nchi nzima kikipinga masharti, Machi 2021 kikapanda kutoka viti 2 hadi 8. Novemba 2023 kikabaki na 3, na chama cha Geert Wilders, mpinga wahamiaji wa siku nyingi, kikashika nafasi ya kwanza.

Sauti ya Kusini

Niulize bila kuzunguka. Wewe ulikuwa mhudumu wa wazee, uliona watu wanakufa. Leo unawatetea waliokataa chanjo?

Mnyamwezi Ughaibuni

Hapana ndugu yangu, na swali lako ni la haki.

Nilichanja mara ya kwanza nilipoitwa, na ningechanja tena kesho. Tulizika wazee ambao familia zao ziliwaaga kwenye kioo cha simu, mimi nikiwa nimeishika hiyo simu kwa glavu mbili. Siku za maandamano tuliambiwa kazini tusitoke nje tukiwa na sare. Mwenzangu Mfilipino alitemewa mate kwenye tramu kwa sababu ya kitambulisho cha kazi alichosahau shingoni. Na Julai 2022 daktari mmoja wa kijijini Oberösterreich, mwanamke aliyekuwa akitetea chanjo hadharani, alijiua baada ya miezi ya kutishiwa maisha. Aliomba ulinzi, akafunga zahanati yake kwa sababu gharama za kujilinda zilimshinda. Jioni moja maelfu waliwasha mishumaa mbele ya kanisa kuu la Stephansdom kwa ajili yake. Nilikuwepo.

Sitawasamehe waliomtishia. Lakini wengi wa wale 40,000 hawakuwa hao. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, fundi bomba, alikuwa kwenye maandamano. Hakuwa anaamini habari za chipu kufichwa kwenye chanjo wala nini. Alikuwa na hofu ya sindano na mkewe mjamzito, na kila alipouliza alijibiwa kama mtoto mjinga. Wa kwanza kumjibu kwa heshima alikuwa mtu wa FPÖ kwenye kijiwe cha bia. Alichoambiwa hakikuwa kweli, ila aliambiwa kwa heshima, na tangu hapo hasikii la mtu mwingine.

Dokta wa Wilayani

Nimesoma yote. Mimi ni tabibu huku nyumbani, nilikuwepo kwenye kampeni ya chanjo kuanzia Julai 2021 baada ya Rais Samia kuzindua. Tulikuwa tumetoka kwenye mwaka mzima ambao takwimu hazitolewi tangu Mei 2020, watu wameambiwa nyungu inatosha. Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa hakumbuki ulichosema, anakumbuka kwamba jana ulisema kingine. Kina mama walinitazama usoni wakauliza: "Daktari, mwaka jana mlisema hazifai, leo zinafaa, kilichobadilika ni chanjo au ni mkubwa?" Tofauti ni kwamba huku hasira hiyo haikupata chama cha kuibeba. Ilibaki majumbani.

Swali langu kwako: Ureno walichanja karibu asilimia 86 kufikia vuli 2021, kampeni iliongozwa na mwanajeshi wa majini, Gouveia e Melo, hawakumlazimisha mtu, kila mtu akawasifu. Mbona Chega, chama cha huko cha mrengo mkali wa kulia, walipanda kutoka kiti 1 hadi 12 Januari 2022, na 2024 wakafika 50?

Mnyamwezi Ughaibuni

Dokta, maneno ya huyo mama yamenikaa.

Ureno ni mfano mgumu kwa hoja yangu na siwezi kuukwepa. Jibu ninaloweza kulitetea ni kwamba Chega walipanda kwa mambo mengine: rushwa, nyumba, chuki dhidi ya Waroma (wanaoitwa pia Wajipsi), baadaye wahamiaji. Chanjo haikuwa bendera yao, kwa sababu huko haikuwa na wa kuipeperushia. Kwa hiyo sisemi korona ndiyo mama wa vyama hivi vyote. Nasema kwamba Austria ilikikabidhi bendera chama kilichokuwa kimelala chali.

Na nina mfano mwingine wa ndani ya Austria yenyewe. Watu wanadhani masharti makali ndiyo yaliyowakera wananchi. Basi tazameni Vienna. Meya Michael Ludwig wa Social Democrats alikuwa mkali kuliko magavana wote. Majimbo mengine yakifungua, yeye alibana. Barakoa kwenye treni za jiji tuliivaa hadi mwanzoni mwa 2023, wakati kwingine walishaivua. Ila alichosema Jumatatu kilikuwa kilekile Ijumaa. Na alitoa kitu mkononi: vipimo vya PCR vya bure kwa kila mtu. Unachukua kifurushi dukani, nyumbani unafungua kamera ya simu, unasukutua koo na maji ya chumvi kwa dakika moja mbele yake, unatema kwenye kichupa kwa mrija, unakibandika msimbo, unakiacha kwenye sanduku la dukani. Ndani ya saa 24 majibu yako kwenye simu. Hakuna aliyekuuliza umechanja au hujachanja. Jioni za Jumapili ungesikia jengo zima linasukutua.

Uchaguzi wa jiji wa Aprili 2025, chama cha Ludwig kilipata asilimia 39, kutoka 41 na ushee. Hakuporomoka. FPÖ kweli walifika 20, lakini walikuwa wanarudi kutoka shimo la Ibiza, na bado hawajafika zile 30 za 2015. Linganisha na chama cha Kurz kitaifa: kutoka asilimia 37 mwaka 2019 hadi 26 mwaka 2024.

Nyuki Mkali

Hapo kwenye Vienna umenisogeza kidogo. Ila usisahau Vienna ina nyumba za jiji za kupanga kwa bei nafuu na chama kimoja madarakani tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe. Watu wana sababu nyingine za kumwamini meya.

Mnyamwezi Ughaibuni

Naam, na hilo ndilo hasa. Imani hainunuliwi siku ya mlipuko. Siku ileile MFG waliposhinda viti vyao Oberösterreich, Septemba 26, 2021, mji wa Graz ulifanya uchaguzi pia, na chama cha Kikomunisti kikaongoza kwa karibu asilimia 29. Wakomunisti, Austria, 2021! Elke Kahr, aliyechaguliwa kuwa meya baada ya uchaguzi huo, kwa miaka mingi amekuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kusaidia watu waliokwama na kodi ya nyumba, na ofisi yake inapokea yeyote. Naye alikuwa anawasema wakubwa, naye alivuna waliochoka. Hakuhitaji adui. Kwa hiyo watu wale waliochoka hawakuandikiwa kuishia kwa Kickl.

Kijana wa Pugu

Kuna habari kwamba waliopigwa faini walirudishiwa fedha. Kweli?

Mnyamwezi Ughaibuni

Ndiyo, Niederösterreich. Baada ya uchaguzi wa 2023 gavana Johanna Mikl-Leitner alipoteza wingi wake akaingia ubia na FPÖ. Sharti lao mojawapo lilikuwa mfuko wa euro milioni 30 kwa ajili ya madhara ya hatua za korona, pamoja na kurudisha faini zilizotozwa kwa kanuni ambazo mahakama ilishazibatilisha. Kuna wenzangu kazini walikasirika sana: wanaosema chanjo imewadhuru wana mfuko, mhudumu aliyebaki na pumzi fupi tangu 2020 bado anabishana na bima. Mimi nadhani kurudisha faini batili ni haki tupu, na ilipaswa kufanywa 2020 na serikali iliyozitoza, bila kusubiri FPÖ wajenge jina kwayo.

Dokta wa Wilayani

Na Kickl mwenyewe? Alipata ukansela?

Mnyamwezi Ughaibuni

Hapana. Januari 2025 Rais Van der Bellen alimpa jukumu la kuunda serikali, mazungumzo na ÖVP, chama alichokiongoza Kurz, yakavunjika Februari, mojawapo ya mvutano ukiwa nani ashike Wizara ya Mambo ya Ndani. Machi ikaapishwa serikali ya vyama vitatu chini ya Christian Stocker. Tangu hapo kila kura ya maoni ninayoiona FPÖ ndio wa kwanza, juu kuliko walivyopata 2024.

Jirani yangu fundi bomba mtoto wake amezaliwa salama, sasa anasoma chekechea. Amechanjwa surua, baba yake alinionyesha kijitabu. Surua imerudi Austria, 2024 ilikuwa na wagonjwa zaidi ya mia tano. Nilimuuliza kwa nini hii amekubali. Akasema daktari wa watoto alikaa naye nusu saa, akamjibu maswali yote, na hakumwandikia chochote hadi aliporidhika. Kura yake bado ni ya Kickl.

Sauti ya Kusini

Nimekuelewa sasa. Naomba huu uzi usifungwe, kuna ndugu yuko Graz atakuja kuchangia kuhusu Kahr.